Nani Amebaki Mchangani

Jambo la mwisho la kawaida lilikuwa habari ya chupa ya chai. Hawo alikuwa ameshakaa dirishani ndani ya basi la Oldonyiro, leso ya kijani mabegani, injini inanguruma. Akamwinamia mumewe aliyesimama chini, akamwambia kifuniko cha ile chupa kimelegea, asiilaze mezani. Halake akasema amesikia. Basi likaondoka stendi ya Isiolo. Akarudi ofisini, akaisimamisha chupa wima, akaendelea na kazi.

Kazi yenyewe ilikuwa kuendesha mabasi ya baba mkwe wake. Mzee Jaldesa alianza mwaka 1971 na lori la Bedford, akalitia viti vya mbao na turubai, akabeba watu pamoja na mbuzi wao. Kufikia 1982 kampuni ya Raha ya Waso ilikuwa na mabasi matatu, meupe yenye mstari mwekundu, na Halake, aliyesomea historia chuo kikuu Nairobi, ndiye aliyepanga safari na kuweka kanuni. Kanuni moja hakuiweka yeye. Aliikuta.

Njia ya Oldonyiro, ukishapita Kipsing, inakata laga, mto wa mchanga ambao hauna maji karibu mwaka mzima. Basi likiwa na watu huzama humo hadi ekseli. Kwa hiyo abiria hushuka wote, dereva akavusha basi tupu, nao wakalifuata kwa miguu. Wakishapanda upande wa pili, kondakta husimama mlangoni na kuuliza, "Nani amebaki?" Wote hujibu, "Hakuna!" Ndipo anapogonga bati mara mbili, dereva akaondoa gari.

Miaka ilipita, swali likawa wimbo. Hakuna aliyegeuza shingo kutazama nyuma. Lomorukai, mchuuzi wa mbuzi asiyekosa safari, alizoea kudakia kabla kondakta hajamaliza: "Amebaki mama mkwe wangu. Twende!" Watu wakacheka kila mara kana kwamba hawajawahi kuisikia.

Siku Hawo alipokuwa akirudi, walicheka vilevile. Yeye alikuwa amegeuka kurudi ng'ambo kuchukua kibuyu cha maziwa alichokisahau kivulini. Jua lilikuwa kali na mbingu hazina wingu, lakini mvua ilikuwa imenyesha mbali huko Laikipia. Kondakta Tadicha aliuliza. Wakajibu. Akagonga. Kiti kitupu walikiona walipofika Kipsing, na waliporudi mbio, laga ilikuwa imejaa ukingo hadi ukingo, maji mekundu yamebeba miti mizima. Mwili ulipatikana baadaye, mbali, mdomo umejaa mchanga.

Halake hakulia. Majirani wa mtaa wa Chechelesi walisema ni kusoma sana. Baada ya kisomo cha marehemu alirudi ofisini, akamsikiliza Tadicha mpaka mwisho, wala hakumfukuza. Alisema tu kwamba basi zima lilijibu.

Halafu siku moja adhuhuri dereva Ekeno aliingia, akafunga mlango nyuma yake. Hakuwa mtu wa maneno mengi. Alieleza kwamba pale mchangani, Tadicha akishauliza na abiria wakishajibu, mtu mwingine hujibu pia. Mwanamke. Hapazi sauti. Husema, "Mimi." Ukitazama, mchanga ni laini, hauna hata wayo.

Ekeno alikuwa akiondoa gari upesi kila mara. Lakini safari moja Lomorukai alishikwa na huruma, akanyoosha mkono dirishani, akagonga bati mara moja, ishara ya kusimama. Wakangoja, mlango wazi. Basi likainama kidogo upande wa ngazi, kama mtu anayepanda. Likakaa sawa. Wakaenda zao. Walipofika Isiolo, mbuzi walilia juu ya keria na hakuna aliyepanda kuwateremsha. Lomorukai hakuwemo.

Safari iliyofuata, zilijibu sauti mbili.

"Hakuondoka pale, bosi," Ekeno alisema polepole. "Alipata mwenzake tu."

Mzee Jaldesa aliamua njia ile ifungwe. Hawo alikuwa binti yake, na alisema neno hilo akiwa amefunika uso kwa kilemba. Halake aliomba safari moja, aende kuona mwenyewe. Mkwewe alidhani ni ukaguzi. Halake alitaka kusikia sauti ile. Hakutaka kitu kingine duniani.

Alasiri, wakitoka Oldonyiro, walifika lagani. Abiria walivuka haraka, macho chini. Teresia, mama mja mzito aliyekuwa akienda kujifungulia hospitali ya Isiolo, alivuka ameshikwa mkono, akapewa kiti karibu na mlango. Tadicha alisimama ngazini, midomo imekauka.

"Bosi, hiyo swali mimi siulizi tena."

Halake akamsogeza kando. Kutoka kwenye usukani Ekeno akanong'ona, "Uliza, usikie, twende. Lakini usingoje."

Halake akashika ukingo wa mlango.

"Nani amebaki?"

Hakuna aliyejibu ndani ya basi.

"Mimi."

Ilitoka chini ya ngazi. Karibu. Ilikuwa ile ile sauti ya Hawo, na mkwaruzo wake wa kila asubuhi. Nyuma yake, mbali kidogo, mwanamume alianza kucheka, akaacha.

Halake alitazama chini. Mchanga. Mchanga tu.

"Halake. Ni mimi. Ningoje."

Mkono wake ulikuwa umeshafika kwenye bati. Kugonga mara moja. Hivyo tu. Teresia alikuwa akimtazama, viganja vyote viwili juu ya tumbo.

"Usingoje, baba," alinong'ona. "Nakuomba."

Halake alivuta pumzi. Hakusikia chochote kifuani, kama mguu uliokufa ganzi.

"Hakuna," alisema.

Akagonga mara mbili.

Basi likaondoka. Nyuma yao hakulia mtu. Afadhali angelia.

Isiolo abiria walishuka mmoja mmoja, Tadicha akimtazama kila mtu usoni. Wote walikuwepo. Teresia alishuka amejishika kiuno, akaenda. Halake alibaki ameketi mpaka Ekeno alipomwonyesha kwa kidole kiti cha pembeni yake, cha dirishani, ambacho hakikukaliwa na mtu njia nzima.

Kilikuwa kimelowa. Kwenye mkunjo wa kitambaa kulikuwa na mchanga mwekundu.

Walikifuta. Walilianika basi uwanjani, madirisha wazi, katika jua linalokausha ngozi ya ng'ombe. Jioni viti vingine vilikuwa vya moto. Kile kilidondosha maji.

Asubuhi yake Halake alioga, akavaa shati safi, akamwomba mkwewe njia isifungwe bado. Akaenda stendi. Basi la Oldonyiro lilikuwa likipakia. Akapanda, akakaa kando ya kile kiti, upande wa njia. Bado kilikuwa kimelowa.

Mama mmoja mwenye furushi akaja, akatazama kiti cha dirishani, akasimama kando yake akisubiri apishwe.

"Hapa kuna mtu?"

Halake hakusogeza magoti.

"Kuna mtu," alisema.