Jistiri, Dada

Usiniulize mimi. Muulize rafiki yangu Albano, fundi fremu wa kule Temeke, kama ataweza kukujibu.

Jioni moja ya mvua alikuwa bandani kwake na mkewe Filomena, akirekebisha fremu ya picha ya mteja, iliyotoka Romania. Ni mchoro wa kisasa: mwanamke ameketi kwenye kigoda, uchi wa mnyama, mikono mapajani, anakutazama. Filomena aliona haya. Akavua khanga ya mabegani, akaitundika mbele ya picha, akatania kama anavyotaniwa mgeni: "Jistiri, dada. Humu mna waume za watu."

Umeme ukakatika.

Gizani Albano akasikia khanga ikikung'utwa, pah, kama ya mtu anayetoka kuoga. Kisha kigoda chake cha kazi kikalia, kama kimekaliwa taratibu.

"Mama Venance, usiguse picha ya watu."

"Mie niko huku mlangoni," mkewe akajibu nyuma yake. "Nilidhani ni wewe."

Albano akabaki akisikiliza mtu akipumua karibu na goti lake, mpaka umeme uliporudi.

Mwanamke alikuwa pale pale pichani, uchi vilevile. Khanga ilikuwa juu ya kigoda cha Albano, imefungwa kama wanawake wanavyoifunga kifuani. Filomena akaiokota, akaiachia hapo hapo.

Fundo halikuwa limefunguliwa, na kwa ndani khanga ilikuwa bado na joto.