Jeneza la Vishikwambi

Saa 2:15 asubuhi.

Chumba cha nyuma cha karakana ya Levison kilinuka vanishi na mbao mbichi. Levison alikuwa fundi majeneza. Kenani, mwenye bastola na mwenye mpango, alichora ramani kwa chaki juu ya kifuniko cha jeneza.

"Vishikwambi thelathini. Viko uani kwa mwalimu mkuu. Mke yuko sokoni, mwenyewe yuko shule. Tunavilaza humu, tunafunga safari ya msiba. Saa saba tuko Msumbiji. Na polisi haendi huyo. Atasema kaibiwa nini, mali aliyoiba?"

Levison alicheka. Tadeyo hakucheka.

Alikuwa mlinzi wa shule hiyo. Vishikwambi vilipotoweka, mwalimu mkuu Chimombo alisimama mahakamani akamnyooshea kidole. Miaka mitatu jela. Alipotoka alichungulia ua wa Chimombo, akaviona: kila Jumamosi watoto wa wenye nazo wanavitumia kusoma humo kwa kulipia, huku darasani wengine wakichorewa kompyuta ubaoni. Lakini nani amsikilize mfungwa? Hata binti yake, Tiyamike, aliandika jina la mama badala ya la baba kwenye madaftari. Hilo lilimuuma Tadeyo kuliko jela. Alitaka jina lake lirudi, na alitaka Chimombo alipe.

"Na waimbaji?" Levison aliuliza. "Maiti haisafiri bila kina mama."

Kenani alikulia Johannesburg. Hakuwahi kuzika mtu nyumbani. Alimgeukia Tadeyo. "Eti, mzee?"

"Kina mama wana midomo," Tadeyo alisema. "Mtauzwa kabla jeneza halijapigwa misumari."

"Basi, hakuna wanawake."

Levison alimtazama Tadeyo. Akaanza kuhesabu misumari. Bastola haikuwa yake.

Saa 4:40.

Kufuli la ua wa Chimombo lilikatika mara moja. Tadeyo aligeuza kishikwambi cha kwanza. Namba ya shule ilikuwa imechongwa mgongoni. Namba zote thelathini zilisomwa mahakamani, na yeye alizikariri kama sala. Angekuwa na kiberiti, nyumba ile ingeteketea.

"Unakibusu au unakibeba?" Kenani alifoka.

Alikibeba.

Saa 5:25.

Pikapu ilikwenda polepole, matawi mabichi ya msiba mbele. Magari yalisimama kandoni kwa heshima, wanaume wakavua kofia. Kenani alitabasamu. Kisha kikaja kizuizi cha polisi.

Askari wa kike alivua kofia, akainamisha kichwa. Akakiinua. Akatazama nyuma ya pikapu, kisha akaizunguka.

"Poleni, kaka zangu. Marehemu ni nani?"

"Shangazi," Kenani alijibu.

"Shangazi! Na hana hata mwanamke mmoja wa kumlilia? Alikuwa mchawi?"

Askari aligonga kifuniko cha jeneza.

"Fungueni."

Kenani alipeleka mkono kiunoni. Bunduki mbili za askari wengine zilimwahi. Alilala kifudifudi kwenye vumbi, akitukana. Levison alipiga magoti kando yake, mikono kichwani.

"Umetuchoma, Tadeyo. Makusudi."

"Nisamehe, kaka. Nilienda polisi mara mbili kuwaeleza, wakanifukuza. Nikaona bora niwaletee."

Misumari iling'oka. Askari alikodoa macho.

"Afande," Tadeyo alisema, pingu zikimbana, "soma namba hizo. Ndizo zilizonifunga miaka mitatu. Sasa washa kimoja, chochote."

Kioo kiliwaka. Somo la hesabu. Jina la mwanafunzi, alama nane kwa kumi, na tarehe. Askari aliisoma kwa sauti.

"Siku hiyo nilikuwa gerezani, mwaka wa pili," Tadeyo alisema. "Tazama chini hapo, nani mwalimu?"

Askari alisogeza kidole. Aliinua uso taratibu. "Chimombo."

"Wizi wa leo ni wangu, andika. Ule wa zamani mfuateni mwenyewe. Na mkifika shuleni, mkamateni mbele ya darasa la saba. Binti yangu anakaa dawati la mbele."