Jumamosi Usiende Kiwandani

Ndugu zangu, hapa Elburgon kulikuwa na nyumba tulivu. Jepleting aliacha masomo darasa la nane ili mdogo wake, Kiptum, aendelee, naye hakulalamika. Alikuwa akiuza chai na mandazi katika kiwanda cha mbao. Kiptum alisoma chuoni Njoro, na akija nyumbani wikendi alikama ng'ombe akiimba.

Kisha akaacha kuimba. Mwenye kiwanda alikuwa amewafuta watu kazi bila kuwalipa, jambo la kweli na la kuuma. Kiptum na mwenzake Sitati wakaanza kusoma wanafikra wa zamani wa Ulaya, watu waliochoka kuandika wakasema mlipuko mmoja huamsha wanyonge kuliko vitabu mia. Jepleting alimsikiliza mdogo wake huku akikata mboga ya sukuma wiki. Akamuuliza kuhusu Kosgei anayeendesha msumeno pale kiwandani, na akina mama wanaookota vumbi la mbao la kuwashia jiko. Kiptum akajibu kwamba pale hakuna asiye na hatia. Kila anayekula kiwandani anaulisha mfumo.

"Hata mimi na mandazi yangu?"

Kiptum akacheka, akasema siasa haikaangwi kwa mafuta.

Ijumaa moja asubuhi, akiwa amerudi mapema kutoka chuoni, akamfuata jikoni. "Dada, kesho usiende kiwandani."

Jepleting akaweka kisu chini. "Si ulisema hakuna asiye na hatia? Sasa mimi unanitoa kwa nini?"

Kiptum akageukia mlangoni.

"Kosgei pia ana dada, Kip. Twende kwa chifu."

Kiptum akamsihi amwache kwanza aongee na Sitati. Jepleting akakubali kwa sababu ya kumpenda, na hapo, msomaji, ndipo alipokosea. Sitati alimwita mwenzake mwoga, akaona siri imevuja, akamwaga petroli kiwandani mchana huo huo na kuiwasha. Kiptum alikimbia ndani akiwafukuza watu watoke. Wengi walitoka. Kosgei aliungua mikono yote miwili, na leo mkewe anamlisha kwa kijiko. Mwenye kiwanda alikuwa Nakuru, bima ikamlipa. Vijana wote wawili wako jela, na kazi pale hakuna tena.

Funzo

Dhuluma isemwe, ishtakiwe, watu wagome. Lakini fikra inayokufundisha kumwona jirani kama kipande cha mfumo imeshashika kiberiti, hata ikiwa imeandikwa vizuri namna gani. Na wewe ukijua ndugu yako ameifuata, sema siku hiyo hiyo. Ukingoja amalize kufikiri, mwingine ataungua.