Jumamosi za Cheche

Foleni ya dirisha la karani wa mahakama ilifika hadi kwenye ngazi, na watu walikuwa wamechoka hata kulalamika. Mshonaji, aliyekuja kuapa kwamba kitambulisho chake kimepotea, alivaa gauni la bluu alilolishona mwenyewe. Mbele yake alisimama mwanaume mrefu, shati jeupe limepigwa pasi vizuri, lakini kila kifungo kimeingia tundu la jirani yake.

Kwa kawaida angenyamaza. Siku hiyo mdomo ulimtangulia.

"Kaka, vifungo vyako vimehama nyumba."

Mwanaume akajipapasa kifuani, akacheka. "Kodi imepanda, dada. Wewe umefuata nini huku?"

"Nimepoteza kitambulisho. Wewe?"

"Mama mtoto wangu anadai matunzo. Afadhali yako, kinachapishwa kingine."

Watu walimwita Cheche, kwa sababu alikuwa amechomelea vyuma miaka kumi na moja. Sasa alisukuma mkokoteni sokoni, na sababu hakuisema. Mshonaji naye hakuuliza. Tangu siku ile simu yake ililia kila asubuhi kabla hajafungua cherehani. Yeye mwenyewe alipenda kuandika, maana kusema kulimpa taabu. Cheche hakujibu meseji hata moja. Alipiga.

"Mbona huniandikii?"

"Meseji haina sauti, kipenzi. Mimi nataka sauti."

Mshonaji akayeyuka kama nta. Jumamosi tu ndiyo alikatazwa kupiga. Jumamosi Cheche alimchukua binti yake wa miaka sita, wakazunguka soko lote wameshikana mikono. "Siku hiyo nina miadi na bibie," alisema. "Hata nyumba ikiungua, zima mwenyewe."

Siku ya kesi, mshonaji alikaa benchi la nyuma kabisa. Hakimu alikuwa mama wa makamo, miwani imemshuka puani.

"Unapata kiasi gani?"

"Cha mkokoteni, mheshimiwa. Siku nyingine kidogo, siku nyingine sipati kitu."

"Mahakama haiangalii unachopata tu. Inaangalia unachoweza kupata." Akainua cheti. "Fundi wa daraja la kwanza. Miaka kumi na moja karakana moja. Mwenye karakana anasema hakukufukuza, na nafasi yako ipo. Una afya?"

"Ninayo."

"Basi kwa nini uliacha?"

Cheche akainamia mikono yake. "Nilichoka tu."

"Alichoka wiki niliyofungua kesi!" mama mtoto akadakia.

"Nakupa wiki mbili ulete sababu," hakimu akasema. "Usipoleta, nitakukadiria kama fundi kamili."

Mshonaji alitoka kabla Cheche hajageuka. Neno lile alilijua. Baba yake alichoka hivyo hivyo kila ada ilipotajwa, ndiyo maana yeye aliishia darasa la tano. Jioni akaandika: Usinipigie tena. Mwanaume anayemkimbia mtoto wake simtaki.

Asubuhi simu ikalia.

"Kipenzi, umeamkaje?"

"Unanikejeli?"

"Nimekosa nini tena, jamani?"

"Umesoma meseji yangu?"

"Nimeisoma. Nimefurahi sana."

"Nilisema nini?"

Kwa mbali magurudumu ya mkokoteni yalikwaruza lami.

"Si... ulinitakia usiku mwema."

Mshonaji aliweka mkasi chini. Vile vifungo vikamrudia, na meseji zote zile alizozipoteza hewani.

"Cheche. Unaona kiasi gani?"

"Pembeni naona. Katikati ni ukungu. Daktari amesema nikiendelea kuchomelea, hata hicho cha pembeni kitaondoka."

"Na hakimu kakuuliza una afya!"

"Nikisema, mama mtoto atasikia. Atamwachia mtoto mtu wa ukungu? Heri niitwe mvivu, Jumamosi zangu zibaki."

"Na hela ya fundi kamili utaitoa wapi?"

"Nitarudi kwenye moto."

"Upofuke."

"Nitakuwa nimeshamwona vya kutosha."

"Na mimi je, mpumbavu we?"

"Wewe nakusikia."

Mshonaji alilia kwa hasira, kisha akajifuta kwa kipande cha kitambaa cha mteja. "Nijibu moja tu. Akikuponyoka mkono katikati ya barabara, utamwona?"

Cheche akasema, polepole, "Nipeleke kwa daktari aniandikie barua ya kumpa hakimu."

Wiki mbili zikaisha. Hakimu aliisoma barua mara mbili, kisha akamwita mwenye karakana. Mzee yule akasema Cheche anaweza kusimamia wanagenzi, maana hata akifumba macho anajua kwa mlio kama chuma kimeshika. Mshahara ungekuwa nusu ya ule wa zamani.

"Basi nakukadiria kwa hiyo nusu," hakimu akasema. "Si mkokoteni, wala si fundi kamili."

Mama mtoto akamgeukia Cheche. "Ungesema tu, wewe mwanaume," akasema, hasira zimemwisha. "Lakini Jumamosi peke yako na mtoto, hapana."

"Aende na mtu mzima anayeona," hakimu akasema. "Yupo?"

Cheche akainamisha kichwa. Benchi la nyuma likalia. Mshonaji, ambaye hata dukani huagiza kwa kunyoosha kidole, alikuwa amesimama.

"Nipo."

"Sogea mbele."

Akasogea hadi akasimama bega kwa bega na Cheche. Karani akainua kalamu bila kuinua uso.

"Uhusiano wako na mdaiwa?"

Mshonaji akamtupia Cheche jicho.

"Mchumba," Cheche akasema.

"Tangu lini?" mshonaji akanong'ona.

"Tangu sasa. Ukikataa, kataa haraka, kipenzi. Karani anasubiri."

Mshonaji akamtazama shatini. Kifungo cha juu kilikuwa kimekosea tundu tena. Akanyoosha mkono, akakirudisha mahali pake, mbele ya mahakama nzima.

"Andika," akamwambia karani.

Karani akaandika, akagonga muhuri, akaita faili linalofuata.