Nilipokuwa Ndani ya Utafiti Wako

"Siku ile meneja alipokupigia simu, mimi nilikuwa nimekaa wapi?"

Dokta aliweka kalamu chini. Wanafunzi waliokuwa wakimsubiri mlangoni walisoma upepo, wakaondoka zao.

"Mhasibu wangu, funga mlango kwanza."

"Nimekuuliza, nilikuwa nimekaa wapi?"

"Hapo. Kwenye kiti hicho hicho."

Mhasibu lilikuwa jina la utani tu. Binti alisomea uhasibu, akafaulu vizuri, lakini hajawahi kushika hesabu za ofisi ya mtu. Anamsaidia shangazi yake kuuza vitambaa. Dokta ni mchumi wa chuo kikuu, na utafiti wake ni kuwafuatilia wahitimu mwaka baada ya mwaka aone shahada inawafikisha wapi kwenye ajira. Binti alikuwa mmoja wao. Dokta alimpigia kumhoji, sauti ikamkaa moyoni, na mengine mnayajua wenyewe. Alipaswa kumwondoa kwenye utafiti siku ile ile. Hakumwondoa.

"Leo nimetoka kiwandani kwenye usaili," binti alisema. "Meneja kaniuliza nani ananifahamu chuoni. Nikakutaja, tena kwa kujidai. Akashangaa. Anasema mwaka jana alikuomba umtafutie mhasibu, ukamjibu huna mtu. Huna mtu, Dokta! Na mimi nimekaa hapa nakumenyea chungwa, nakusikia, nisijue ni kazi inayonipita!"

"Nisikilize, mpenzi. Watu walio ndani ya utafiti hatuwatafutii kazi. Nikikushika mkono, matokeo yanaharibika. Itaonekana shahada ndiyo iliyokupa kazi, kumbe ni mimi."

"Si ungenitoa?"

Dokta akainamisha kichwa.

"Wa fani yako walibaki wachache, wengi walihama hatukuwapata tena. Nilisema nitakutoa mzunguko wa mahojiano ukiisha."

"Ukaisha?"

"Ukaanza mwingine."

Binti alicheka, kicheko kibaya kisicho na furaha ndani yake.

"Mama yako aliniambia nini uliponipeleka kwenu?"

"Tuyaache ya mama."

"Alisema hapokei mkwe asiye na kazi. Nikamwambia, mama, nipe muda, nikipata ndipo tufunge ndoa. Ukanishika mkono chini ya meza. Kila nilipokataliwa nilikuja kulia kifuani kwako. Ulikuwa unanibembeleza au unanipima?"

"Haki ya Mungu nakupenda!"

"Sikukuuliza hilo."

Dokta alinyakua simu, akampigia meneja, akaweka spika ili binti asikie.

"Yule binti wa leo ni mchumba wangu," alisema akihema. "Mchukue, ndugu yangu. Nakuomba."

"Aa, Dokta! Mbona hukusema? Binti kajieleza vizuri mno. Mwaka jana ningempokea kwa mikono miwili. Sasa hivi wakubwa wangu wananiuliza, muda wote huo nje, kwa nini hakuna aliyemchukua? Nimeshindwa kuwajibu. Nafasi tumempa mwingine, kaka. Samahani."

Simu ikakatika. Nje, wanafunzi walikuwa wanacheka mambo yao.

"Utafiti wako unasemaje kuhusu mtu aliyekaa muda mrefu kama mimi?" binti aliuliza taratibu.

"Usinifanyie hivyo."

"Sema. Si juzi ulilisema mbele ya ukumbi mzima, wakakupigia makofi?"

"Kwamba kadiri anavyokaa nje," Dokta alisema, "ndivyo waajiri wanavyozidi kumkimbia."

"Kumbe ulijua."

Akachukua mkoba wake, akatoka. Dokta alimfuata hadi ngazini, akimwita, watu wakimtazama mhadhiri mzima anavyolia bila aibu. Binti hakugeuka.

Jioni Dokta alimtumia ujumbe: "Nimekutoa kwenye utafiti. Tuoane hata kesho. Mama nitamkabili mwenyewe. Usiniache, nakuomba."

Binti aliusoma dukani, mkasi mkononi. Shangazi alipomuuliza kulikoni, machozi yakamdondoka kwenye kitambaa cha mteja. Kisha akaandika:

"Kama ungekuwa hutaki nipate kazi, ningesema ni wivu, ningekusamehe, maana wivu naujua. Lakini wewe ulitaka nipate, na bado ukakaa ukanitazama nikikosa. Hilo sijui linasamehewa vipi. Nimejaribu tangu mchana, nimeshindwa."

Dokta aliandika jibu, akalifuta, akaandika jingine. Hakutuma hata moja.