Wiki Tano za Kuoneana Haya

Kila Jumanne, Alhamisi na Jumamosi asubuhi, mume wangu Wendell humpeleka mama yake hospitali. Mama mkwe wangu anaitwa Aune. Ana miaka sabini na tisa, na figo zake hazifanyi kazi. Mashine ya hospitali humsafisha damu kwa saa nne. Akikosa siku moja, miguu huvimba. Akikosa mbili, hupumua kwa shida. Akikosa zaidi, atakufa. Daktari alituambia hivyo bila kuzunguka.

Tunaishi Duluth, mji wa baridi kali kaskazini mwa Marekani, juu mlimani. Hospitali iko chini, karibu na ziwa, na barabara yetu inashuka moja kwa moja. Wakati wa baridi malori humwaga chumvi barabarani ili barafu iyeyuke. Chumvi hiyo hiyo hula chuma cha magari yetu. Kila mtu hapa analijua hilo, na bado tunajifanya hatulijui.

Mwezi wa Januari gari letu lilianza kulia kila Wendell alipokanyaga breki.

"Unasikia hiyo?" nilimwuliza.

"Baridi hiyo," alisema. "Hata magoti yangu yanalia."

Huo ndio ugonjwa wa watu wa kwetu. Mlango ukilia, ni baridi. Mgongo ukiuma, ni baridi. Gari likilia, tunaongeza sauti ya redio na safari inaendelea.

Wiki ya pili kanyagio la breki likawa laini. Lilizama sana kabla gari halijapunguza mwendo. Hapo hata Wendell aliacha utani. Lakini hatukukubaliana gari lipelekwe wapi.

Mimi nilitaka liende kwa wakala wa magari, pale tulipolinunua. Sakafu yao inang'aa, mafundi wana sare, na wanakupa kahawa ukiwa unasubiri. Wendell alitaka liende kwa Orrin, fundi mwenye gereji yake ndogo. Orrin ametengeneza magari ya ukoo wetu tangu enzi za marehemu baba mkwe. Tena kanisani anakaa benchi la mbele yetu.

"Nikienda kwa wakala, Jumapili nitamtazama Orrin usoni vipi?" aliuliza Wendell.

"Kwani umefunga naye ndoa?"

"LaVonne, we hujui tu."

"Basi peleka kwa Orrin."

"Si umesema humwamini?"

"Sijasema hivyo. Nimesema gereji yake ina giza."

Kwetu watu hawagombani. Tunasema "tutaona," tunamiminiana kahawa, na jambo linalala. Hili lililala wiki tano. Wiki zote hizo Aune aliushuka ule mteremko mara tatu kwa wiki, ndani ya gari lile. Inaniuma kuandika hivyo, lakini ndivyo ilivyokuwa.

Alhamisi moja nilikwenda nao. Tulikuwa hatujafika mbali na nyumbani. Kwenye taa nyekundu Wendell alikanyaga breki, na kanyagio likaenda hadi chini.

"Haishiki!" alisema.

Alikanyaga tena na tena. Akashusha gia. Gari likapunguza mwendo kidogo tu. Tukapita taa nyekundu, na lori likapita mbele yetu huku likipiga honi. Wendell akageuza usukani kuelekea kwenye lundo la theluji kando ya barabara. Gari likazama humo, likasimama.

Hakuna aliyeumia. Aune alikuwa ameukumbatia mkoba wake kwa mikono miwili.

"Wendell," alisema, "mlijua?"

Wendell alizima injini.

"Nimeuliza. Mlijua?"

"Tulijua, Mama," nilijibu mimi.

Aune alifungua mlango, akashuka. Alirudi nyumbani kwa miguu, polepole, sisi tumemshika huku na huku. Niliita teksi impeleke hospitali, akakataa. Muuguzi wa hospitali alipopiga simu akataka kutuma gari lao, akakataa hilo pia.

"Sishuki ule mteremko ndani ya gari lolote," alisema. "Mpaka niambiwe kilichoharibika ni nini, na kimetengenezwa na nani."

Muuguzi alinionya. "Akianza kuhema, piga simu ya dharura. Na Jumamosi asikose kabisa."

Nilimwendea jirani yetu, Bernadine. Yeye ni fundi wa mabasi ya shule. Alichukua tochi, akaenda kulala kwenye theluji chini ya gari letu. Aliporudi aliingia moja kwa moja jikoni, akaketi mbele ya Aune. Alimweleza yeye kwanza, na nilimshukuru kwa hilo.

"Mama Aune, kuna mabomba membamba ya chuma chini ya gari. Yanapeleka mafuta ya breki kwenye magurudumu. La kwenu limeoza kwa kutu, limepasuka. Mafuta yamemwagika."

"Na ile kelele?" aliuliza Aune.

"Hizo ni pedi za breki. Zimekwisha."

"Kwa hiyo haikuwa baridi," Wendell alisema kwa sauti ndogo.

"Baridi haitoboi bomba, Wendell."

Kisha akatugeukia sisi wawili. "Sasa nasikia mmebishana wiki tano, wakala au Orrin. Mlianza na swali lisilofaa. Kwanza ulizeni, gari bado lina waranti, yaani dhamana ya kiwanda? Je, kiwanda kimetangaza kasoro kwenye magari ya aina hii? Kama ndiyo, nendeni kwa wakala. Kasoro ya kiwanda hurekebishwa bure."

Alichukua namba ya chasisi yetu, akaitafuta kwenye simu. Hakukuwa na tangazo lolote. Waranti ilikwisha zamani.

"Basi pedi, diski na mabomba, fundi mzuri wa mtaani anaviweza. Na hakuna anayeijua kutu kama Orrin. Lakini hata Orrin mwulizeni. Awaonyeshe kilichoharibika. Aandike atakachofanya na bei yake kabla hajashika spana. Awape dhamana ya kazi yake. Akikataa hata moja, ondokeni."

"Na wakala je?" niliuliza.

"Maswali hayo hayo. LaVonne, gari halisimamishwi na sakafu inayong'aa." Akasimama. "Na breki ikilia au kanyagio likizama, gari halitoki tena mpaka fundi aliangalie. Hakuna tutaona."

Orrin alikuja na lori la kuvuta magari siku hiyo hiyo. Aliandika kila kitu kwenye karatasi, Wendell akatia sahihi. Ijumaa mchana akapiga simu.

"Mabomba mapya na pedi mpya nimeweka," alisema. "Lakini kuna hewa imebaki ndani ya kifaa kinachozuia magurudumu kuteleza. Kuitoa kunataka kompyuta ya wakala. Nimeshaongea nao. Nalipeleka mwenyewe sasa hivi."

Wendell alivuta kiti, akaketi, simu ikiwa bado kwenye spika. "Orrin, nilidhani ungekasirika nikienda kule."

"Ndiyo maana umekaa wiki tano? Kisa mimi?"

"Ndiyo."

Orrin akasema, "Mama yako ndiye aliyenifundisha shule ya Jumapili. Ungeniuliza tu, Wendell."

Usiku huo Aune hakulala vizuri. Asubuhi miguu yake haikuingia kwenye viatu, nikamvika soksi nene na makubazi ya Wendell. Orrin alileta gari kutoka kwa wakala, hewa imeshatolewa, mkononi akiwa na kipande cha bomba la zamani. Aune alikipokea. Alikifinya kwa vidole viwili, kikavunjika, kutu ikamchafua kiganja.

"Hiki ndicho kilichokuwa kinanishusha mlimani?"

"Hicho," alisema Orrin.

Wendell alianza kulia mbele yetu sote. "Mama, nisamehe. Nilimwonea haya Orrin."

"Na mkeo akakuonea haya wewe," alisema Aune. "Siku nyingine mkiona haya kuuliza, nileteeni mimi niulize. Mimi sina muda wa kuona haya."

Aliingia kwenye gari, akaketi mbele. Wendell alikanyaga breki mara tatu kabla ya kuondoka. Tulishuka. Kwenye taa nyekundu alikanyaga mapema, taratibu, na gari likasimama. Aune aliachia kishikio cha mlango alichokuwa amekishika. Akaweka mkono wake wenye kutu juu ya mkono wa mwanawe, na hakuuondoa hata taa ilipowaka kijani.