Wageni wa Kwenye Nguzo

Majirani walimwita Mama Kwanini, maana hakupitwa na kitu bila kuuliza. Kila asubuhi alifagia uwanja wa nyuma, na siku hizi alifagia akiwa na swali moja tu. Kwa nini maua ya mapesheni yanaanguka?

Mashina yalikuwa mawili. Yalitambaa juu ya chanja mpaka yakaziba jua. Maua yalikuwa tele, lakini tunda hata la dawa hakuna.

"Mke wangu, nimechoka kusubiri," alisema mumewe, seremala, huku akinoa randa. Watu walimwita Fundi. "Mwisho wa mwezi ujao nisipoona tunda, nayakata. Hapo naweka banda la mbao."

"Mwaka jana si tuligawa mapesheni mpaka majirani wakatukimbia?"

"Mwaka jana si mwaka huu."

Mama Kwanini aliumia sana. Mashina hayo aliyaotesha mwenyewe kutoka kwenye mbegu, ndani ya kopo la rangi.

Mchana alikaa chini ya chanja kuchunguza. Saa sita maua yalifunguka. Nyuki wadogo walikuja, wakazunguka pembeni, wakaenda zao. Jioni maua yakajifunga. Baada ya siku mbili yalikuwa chini, yanasubiri ufagio.

Bibi Shamba, mtaalamu wa kilimo wa mtaa, alipopita njiani, Mama Kwanini alimshika mkono akampeleka mpaka bustanini.

"Umepiga dawa ya wadudu?" aliuliza Bibi Shamba.

"Hata tone."

"Mbolea?"

"Samadi naweka."

Bibi Shamba aliipapasa nguzo ya chanja. "Na hivi viraka?"

Fundi alijitokeza kifua mbele. "Kazi yangu hiyo! Kulikuwa na midudu myeusi, mikubwa, inavuma kama cherehani. Inatoboa nguzo zangu! Nikaziba matundu yote kwa vumbi la mbao na gundi. Nikalainisha kwa msasa."

"Lini?"

"Kabla maua hayajatoka."

Bibi Shamba akacheka. "Shemeji, umefukuza mafundi wenzako. Hao ndio waliokuletea matunda."

"Wale? Kwa nini?" aliuliza Mama Kwanini.

"Nao ni nyuki. Tazama unga huu wa njano ndani ya ua. Unaitwa chavua. Mapesheni yenu ni ya njano, kwa hiyo chavua lazima itoke kwenye ua la shina hili, ifike kwenye ua la shina lile. Ndipo tunda linashika. Unaona hivi vichwa vitatu vya juu? Nyuki mdogo anapita chini bila kuvigusa. Yule mkubwa akiingia, mgongo wake unavipaka chavua."

"Hawaumi?"

"Dume hana mwiba. Jike anao, ila haumi mpaka umbane. Mwache na shughuli zake."

Fundi alikuna kichwa. "Sasa nguzo zangu je?"

"Zipake rangi. Hawapendi mbao yenye rangi. Wao watengee gogo kavu, laini, mahali pasiponyeshewa. Na dawa msipige maua yakiwa wazi."

"Na wakichelewa kurudi?" Mama Kwanini alikuwa anaufikiria mwisho wa mwezi.

"Fanyeni kazi yao nyinyi. Mna brashi ndogo?"

Fundi alileta brashi mpya ya vanishi. Tangu siku hiyo, kila mchana, Mama Kwanini alichukua chavua kwenye shina moja akapaka maua ya jingine. Ya juu hakuyafikia, ikabidi mumewe apande ngazi.

"Polepole, hupaki kabati!" alimwambia kutoka chini.

Wiki ya pili vilitokea vitunda vya kijani, vidogo kama gololi. Mama Kwanini alivihesabu mara mbili kwa furaha.

Siku moja Fundi aliita kwa sauti. Chini ya gogo alilolitundika penye kivuli palikuwa na vumbi la mbao ambalo si lake.

"Njoo uone tundu hili! Duara kamili. Na nyuki hana hata keekee ya kutobolea!"

Alikaa pale mpaka chai ikapoa.

Mwisho wa mwezi ukafika. Asubuhi Mama Kwanini alimkuta mumewe ananoa panga. Akasimama kati yake na chanja.

"Kwa nini unanoa panga?"

"Nakwenda kukata fito," alisema Fundi. "Chanja imeelemewa na matunda."